Nyuki feki kwenye parachichi: tuwapige dawa au tuwaache?

Mwezi wa nane nilikuwa Tukuyu kwa mjomba, parachichi zake za Hass zimechanua mpaka majani hayaonekani vizuri, na yeye kashachanganya dawa, bomba liko mgongoni, anasubiri tu upepo utulie. Nikamuuliza, mjomba, saa nne hii unapuliza na nyuki wote hawa juu ya mti? Akacheka. "Hao siyo nyuki mjomba, hao ni nzi, wamevaa tu nguo za nyuki, sogea uangalie."

Nikasogea. Nikamfunika mmoja na chupa ya maji niliyoikata kitako, nikaziba na kiganja, na kwa kweli mzee alikuwa sahihi. Rangi ni ya nyuki, mistari ya tumboni ipo, mlio upo, ila mbawa ni mbili tu wakati nyuki ana nne, antena zake ni vijipunje viwili vifupi usoni, na macho ni makubwa yamekula karibu kichwa chote halafu yana mistari kama kitenge. Miguu ya nyuma myembamba, hakuna ule mzigo wa chavua ambao nyuki anaubeba kama ndoo mbili. Na mwiba hana kabisa. Yani ni kama yule mlinzi wa getini mwenye gwanda na buti na ukali wote, ukikaa naye ndo unagundua kumbe hata kirungu hana.

Sasa jirani yake mjomba ni mama mmoja anafuga nyuki, mizinga yake iko ng'ambo ya mto, akasikia tunaongea akaja. Yeye hakubishana kama ni nzi au nyuki. Aliuliza swali moja tu: "Nzi kwani hana miguu? Si anatoka ua hili anakanyaga lile?" Mjomba akajibu nzi ni nzi, analalia uchafu, na tunda la kuuza nje halitaki uchafu. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikaletwa.

Mi hoja zote mbili naziona zina uzito, na pia zote zina tatizo moja, wanamjadili mdudu kwa koti lake. Ngoja nieleze kwa kuanzia mbali kidogo, Ulaya, maana huko kuna nzi wa jamii hii hii (wataalamu wanaiita Syrphidae, nzi wa kwenye maua) ambaye amebishaniwa kwa zaidi ya miaka mia mbili na yale mabishano yanatusaidia sisi.

Anaitwa Volucella bombylans. Huyu hamuigi nyuki wa asali, anamuiga Bombus, yule nyuki mnene wa nchi za baridi mwenye manyoya mwili mzima utadhani kavaa koti la mtumba la Mwanjelwa mwezi wa sita. Na cha ajabu hana koti moja. Kuna wale weusi wenye mkia mwekundu wa machungwa, wanafanana na Bombus mwenye mkia mwekundu, na kuna weusi wenye njano na mkia mweupe, wanafanana na Bombus wengine wenye mkia mweupe. Ni spishi moja, wanapandana na kuzaliana, ila makoti tofauti. Hata wasomi waliingia mkenge, Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, alimpa jina mwaka 1758, halafu 1776 Mswidi mwenzake De Geer akamuona yule mwenye mkia mweupe akampa jina lake jipya kabisa, akidhani ni mdudu mwingine. Ukitaka kumjua usiangalie koti, angalia antena, ile nywele ya antena imechanua kama unyoya, nyuki hana kitu hicho.

Jike la huyu nzi linaingia kwenye kiota cha Bombus, ambacho mara nyingi kiko chini ya ardhi kwenye shimo la zamani la panya, na kutaga humo. Mabuu yanakulia mle mle. Kwa hiyo watu wa zamani wakasema basi ni wazi, ni jambazi aliyevaa sare ya familia ili apite mlangoni, na maelezo hayo ni matamu mno na yakakaa sana. Tatizo ni kwamba nzi huyu huyu anaingia pia viota vya nyigu, na nyigu hafanani naye hata kwa dawa. Na ana ndugu yake, Volucella pellucens, mweusi mwenye mkanda mweupe kiunoni, hafanani na nyigu wala nini, na anaingia kwenye viota vya nyigu bila kuguswa. Halafu fikiria, shimoni ni giza, nani anaona rangi ya koti lako? Mle ndani watu wanajuana kwa harufu. Mi kwa hapa nasimama na wale wanaosema koti ni kwa ajili ya ndege huku nje, siyo kwa ajili ya wenye nyumba. Ndege akishaumwa na Bombus mmoja anakumbuka, na anayefanana naye anapona bure. Hoja hiyo aliileta mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, Bates, mwaka 1862 kwa vipepeo wa Amazon, na 1960 huko Marekani wakaipima kwa vyura: vyura walioonja Bombus halisi wakaumwa ulimi walikataa hata kumgusa nzi anayefanana naye, ila vyura wasiowahi kuumwa wakamla yule nzi kama kawaida. Koti linafanya kazi kwa mtu aliyewahi kuchapwa tu.

Ila kuingia kiotani siyo salama asilimia mia, wenyeji wakishtuka wanachoma. Na hapa nzi ana kitu kimoja kinanishangaza mpaka leo, jike akiuawa huku ana mayai anaendelea kutaga akiwa maiti. Wewe umeua, yeye anamalizia kazi.

Sasa swali la kesi: je anawadhuru wenyeji? Upande mmoja unasema ni mfanyakazi wa usafi tu, buu lake linakula takataka za kiota, kinyesi, mabaki ya chavua, watoto wa nyuki waliokufa. Upande mwingine unasema kuna wakati anakula na walio hai. Inaonekana vyote vipo, ila kumbuka kundi la Bombus ni la msimu mmoja, baridi ikija wote wanakufa wanabaki malkia wapya tu wanaoenda kulala mpaka msimu ujao, kwa hiyo anayekula kiota kilichofika mwisho wa mkataba hasara yake ni ndogo. Mi nisingemuita jambazi. Ningemuita mpangaji asiyelipa kodi ila anafagia uwanja.

Linganisha na mwenzake Merodon equestris. Naye ni nzi wa jamii hii hii, naye anamuiga Bombus, naye ana makoti kadhaa, ukiwaweka pamoja mtu wa kawaida atasema hao ni mapacha. Lakini buu la Merodon linaingia ndani ya kitunguu cha maua ya narsisi na kula katikati mpaka kinaoza. Huyo ni mdudu mharibifu hasa, wakulima wa maua wanamchukia, na alisafirishwa nchi nyingi akiwa amejificha ndani ya hivyo vitunguu. Koti lile lile, tabia mbili ambazo haziingiliani. Ndiyo maana nasema kumhukumu nzi kwa kumuangalia juu ya ua ni kupoteza muda, akiwa mkubwa wote wanafanya kitu kimoja tu, kunywa nekta na kula chavua. Swali ni utotoni alikula nini.

Kuna jambo la ramani pia, maana mtu atauliza mbona huku kwetu hatumuoni huyo Volucella bombylans. Ukipanda Kitulo, mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, baridi ya kung'ata na maua ya kumwaga kuanzia mwezi wa kumi na mbili, unaweza kusema hali hii ingemfaa kabisa. Yeye ametapakaa kuanzia Uingereza kupita Ulaya yote mpaka Siberia, ila huku hayupo, na sababu siyo baridi wala maua. Mwenye nyumba hayupo. Bombus wako spishi kama 250 duniani, wengi kaskazini, wamefika hadi Moroko na Algeria, ila kusini ya Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Na bila Bombus koti la Bombus halina maana, ndege wa Rungwe hajawahi kuumwa na mdudu wa namna hiyo, atamla tu. New Zealand nako Bombus hawakuwepo, wakapelekwa kwa meli kutoka Uingereza mwaka 1885 ili wachavushe majani ya mifugo, na Merodon naye akafika kivyake kupitia vitunguu vya maua. Yani muigaji na anayeigwa walifika kwa safari tofauti, hawajuani, wamekutana ugenini. Ulaya kuwakutanisha hivyo kulichukua milenia, huko imechukua tiketi mbili.

Na sisi tuna za kwetu, tusijione tumenyimwa. Huku wa kuigwa ni nyuki wa asali, na ndiyo maana feki wa kwenye parachichi za mjomba wamevaa kahawia na mistari. Tuna pia yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao za kenchi, na yeye ana muigaji wake, nzi mwindaji wa jamii ya Hyperechia, mweusi mnene vilevile, na buu lake linakula mabuu ya huyo nyuki ndani ya ubao. Huyo sasa ndiyo jambazi hasa, hata mimi simtetei. Ila kwa mwenye nyumba ambaye kenchi zake zinatobolewa? Anaweza kumuona mkombozi. Hayo nawaachia.

Turudi shambani. Hawa wa mjomba, kwa yale macho ya mistari, ni Eristalinus, ndugu wa karibu wa Eristalis tenax ambaye ameenea karibu dunia nzima. Mabuu yao yanaishi kwenye maji machafu, yana mkia mrefu kama mrija wa soda wa kupumulia, unatokeza juu, mwili uko chini kwenye tope. Nikazunguka nyuma ya banda la ng'ombe wa maziwa wa mjomba, pale mkojo na samadi vinapotuama, nikachokoa na kijiti. Wamo. Wamejaa. Nikamuita mjomba aje aone, nikamwambia wale wa juu ya mti umewalea wewe mwenyewe hapa. Alikaa kimya kidogo. "Si nilisema wanatoka kwenye uchafu."

(Huyo tenax ndiye ambaye mtaalamu wa nzi Osten Sacken, miaka ya 1890, alisema ndiye aliyewafanya watu wa kale waamini nyuki wanazaliwa kwenye mzoga wa ng'ombe. Na wengine wanamvuta mpaka kwa Samsoni na yule simba wa Waamuzi 14. Pale kwa Samsoni mi naona hoja inachechemea, maana asali ilikuwepo na nzi hatengenezi asali.)

Upande wa mjomba usiudharau. Mwaka 2021 watafiti walionyesha nzi wa Eristalis anaweza kumeza vimelea vya nyuki kwenye ua, akavitoa hai kwenye kinyesi chake juu ya ua jingine, kwa hiyo hata mama wa mizinga ana sababu ya kuwaangalia kwa jicho la pembeni. Na ni kweli nzi siyo mtulivu kama nyuki, nyuki akianza na parachichi anashinda na parachichi, nzi anarukaruka.

Upande wa mama nao una nguvu. Ua la parachichi linafunguka mara mbili, mara ya kwanza kama jike, linafunga, kesho yake linafunguka kama dume, na Hass anakuwa jike asubuhi na dume mchana wa kesho yake. Bila kiumbe cha kuhamisha chavua toka mti mmoja kwenda mwingine kwa saa zile zile, maua yanapukutika tu. Nyuki wa asali chini ya nyuzi 10 hivi ni nadra kumuona akitoka, na nyie mnaijua asubuhi ya Rungwe na ukungu wake, nzi wengi wa namna hii wanaendelea na kazi kwenye mawingu ambayo nyuki kajifungia. Na kwa kuwa hana ndoo za kubebea, chavua inabaki kwenye nywele za mwili wake na kudondoka ovyo, ambacho kwa ua ndicho linachotaka.

Kubwa zaidi kwangu ni hili, bomba haliangalii koti. Ukipuliza saa nne ukisema unaua feki, unaua na orijino, wakiwemo wa jirani. Hata ukitumia dawa ya pareto, hii yetu ya Uporoto na Mafinga ambayo jua linaiua haraka, bado inamlaza nyuki na nzi sawasawa. Wadudu wanaomsumbua mjomba kweli ni vidukari kwenye machipukizi, na wanaokula vidukari ni mabuu ya nzi wengine wa jamii hii hii, wale wembamba wenye mistari ya nyigu. Nilipomwambia hilo akaniangalia kama nimemtukana.

Siku ile hakupuliza, lakini siyo kwa sababu yangu, upepo ulikataa. Kesho yake alipuliza jioni baada ya wadudu kuondoka, mama wa mizinga akasema afadhali. Na mwakani mjomba anajenga mtambo wa biogesi, fundi kashakuja kupima, lile dimbwi la nyuma ya banda litafukiwa lote. Mke wake anafurahi harufu itaisha. Mama wa mizinga ndiye pekee aliyeuliza, sasa parachichi asubuhi za ukungu atazihudumia nani, na mjomba akamwambia, "wewe si una nyuki, walete."