Doti ya Mama Ilivyosimama Yenyewe Tampere

Mama aliponikabidhi ile doti pale Tanga, maagizo yake yalikuwa mafupi: "Mpe mwenzio mkononi. Usiivae, usiifungie mzigo, usiifutie uso." Mama ananijua. Nina miaka 38, nina mke na ofisi, na bado nikisafiri huniagiza kama mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi na huenda akarudi na pipi.

Kanga yenyewe ilikuwa ya haja. Nyekundu na nyeusi juu ya weupe, dondo bado limo, haijakatwa wala kupindwa, vipande viwili vimeshikana kama vilivyotoka kiwandani. Ukiishika inalia kama gazeti. Jina lake: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Sikulitilia maanani. Nani anasoma kanga ya dada yake?

Mdogo wangu ni muuguzi huko Tampere, Finland. Alikwenda kusoma, akamaliza, theluji ikamzoea. Mji wao umekaa kwenye shingo ya nchi kati ya maziwa mawili, Näsijärvi kaskazini na Pyhäjärvi kusini, na ziwa moja liko juu ya mwenzake kwa mita 18. Maji yanashuka kutoka hili kwenda lile kwa kishindo katikati ya mji, wanayaita Tammerkoski, na hayo ndiyo yaliyozungusha mashine za viwanda. Mskochi mmoja, James Finlayson, alianzisha karakana yake hapo mwaka 1820, ikaja kuwa kiwanda kikubwa cha pamba, na mwaka 1882 kwenye ukumbi wake wa kufumia vitambaa ziliwaka taa za umeme. Nayasema haya ili ujue kwamba ni mji wa nguo ule. Watu wake wameona kitambaa cha kila aina. Nilichokuja kuwaonyesha mimi ndicho walikuwa bado.

Nilifika Februari. Asubuhi ya kwanza napanda basi, dereva ananitazama, ananiambia: "Moro!"

Nikamwambia, "Hapana, Tanga."

Akatikisa kichwa taratibu, akafunga mlango. Dukani nako, dada wa kaunta: "Moro!" Nikaanza kupata wasiwasi. Nikampigia mdogo wangu kazini. "Hivi huku kuna watu wa Morogoro wengi? Maana kila mtu ananiuliza kama natoka Moro." Kilio cha kicheko nilichosikia kwenye simu, sijui wagonjwa walimwelewaje. "Kaka, hiyo ni salamu. Ndiyo 'mambo' yao hapa Tampere. Jibu 'moro', basi." Nilijaribu, lakini ulimi ulishazoea. Wiki nzima mtu akinisalimia natangulia kusema Tanga.

Kwa chakula sikuwa na shida kama nilivyotishwa. Kwenye soko la Tammelantori niliongozwa na harufu mpaka kwenye soseji nyeusi tii, zimejikunja kama mpira wa kumwagilia bustani, watu wamesimama kwenye baridi wanakula na jamu ya matunda mekundu na maziwa pembeni. Mustamakkara. Nikatoa karatasi aliyoniandikia mdogo wangu: "Vitu ambavyo hutakula hata ukifa njaa." Namba moja: mustamakkara. Damu, na nguruwe ndani. Nikarudisha pochi mfukoni, lakini pua, Mungu ananiona, ilibaki nyuma kidogo.

Ila muikku! Samaki mdogo wa ziwani, urefu wa kidole, wanamgaragaza kwenye ule unga mweusi wanaookea mikate yao, wanamkaanga kwenye siagi, anakuja na viazi vya kuponda. Huyo ni dagaa. Usiniambie kitu kingine. Ni dagaa wa Kigoma aliyepata ufadhili wa masomo. Nilimaliza sahani, nikaagiza nyingine, mhudumu akauliza kama ni ya kufungasha, nikamwambia anisubiri dakika tano ataona ilikofungashwa.

Na siku tuliyopanda kilima cha Pyynikki, misonobari kila upande, mnara wa mwaka 1929 juu, na chini ya mnara wanauza andazi la moto lenye tundu katikati. Nikalitafuna, nikasimama. Hiliki! Nimekaa hewani siku nzima, nimebadilisha ndege mbili, nimevaa soksi tatu tatu, nakuja kulishwa andazi la hiliki. Makumbusho nayo tulikwenda. Yalikuwa na joto zuri.

Sasa tufike kwenye sauna, kile chumba chao cha joto kali wanachokaa kutoa jasho.

Tampere wanajisifu kuwa mji mkuu wa sauna duniani, na kweli ziko nyingi za umma. Ile ya Rajaportti, mtaa wa Pispala, inafanya kazi tangu mwaka 1906. Mdogo wangu akanielekeza nyingine, iliyoko ukingoni mwa Näsijärvi, ambayo wanaume na wanawake wanaingia pamoja wakiwa na nguo za kuogelea. Yeye alikuwa zamu. "Chukua taulo, chukua bukta, kunywa maji. Na kaka, usijifanye."

Mimi? Nijifanye nini? Mtu aliyezaliwa Tanga aogope joto? Mtu aliyejifunza kuogelea Raskazone aogope maji? Nikamwambia tuonane saa kumi na moja jioni pale Keskustori, uwanja wa katikati ya mji, na doti yake nitaleta, maana mama alishauliza mara tatu. Nikaitia kanga kwenye begi la mgongoni, nikatia bukta, nikatia kandambili. Taulo likabaki kitandani.

Niligundua nikiwa nimeshavua. Nje nyuzi 17 chini ya sifuri, mimi nimesimama na bukta, na wenzangu wote wana taulo, hata kitambaa kidogo cha kukalia wanacho. Nikafungua begi. Nikaitazama doti. Doti ikanitazama. Nikajisemea: nitaifunga kiunoni tu, haitajua.

Nikaingia.

Kwetu huwezi kuingia chumba chenye watu ukakaa bila salamu. Kwa hiyo nikasalimu. Sikuishia hapo, nikapita nikishika mikono, mmoja mmoja, kuanzia benchi la chini. Watu wapatao kumi na tano, wamelowa jasho, wamekaa kimya kama wako kwenye mtihani, wanapokea mkono wangu kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa. Juu kabisa, kwenye benchi la mwisho, palikuwa na bibi mmoja, umri wa kumwamkia, kofia ya sufi kichwani. Nikamwamkia. Akasogea kunipisha. Nikaona, aa, mgeni kapewa nafasi ya heshima.

Haikuwa ya heshima. Joto hupanda juu. Kipimo ukutani kilikuwa kimepita 90, na ubao niliokalia ulinikumbusha kukunja kanga mara mbili chini yangu.

Bibi akaniuliza neno moja: "Löyly?"

Nikadhani ni kinywaji. Mgeni hakatai. Nikasema ndiyo, tena nyingi.

Bibi akatoa ishara, kijana wa chini akachota maji kwa kata, akayarusha kwenye mawe ya jiko. Mawe yakasema "tssss" ndogo tu. Hapakuwa na dalili ya hatari. Kisha kitu kisichoonekana kikapanda, kikagonga dari, kikashuka mgongoni kwangu. Masikio yalitangulia kuungua. Nikavuta pumzi kwa pua, nikajuta, nikavuta kwa mdomo, nikajuta zaidi. Joto la Tanga lina upepo wa bahari, lina kivuli cha mwembe, lina juisi ya ukwaju. Hili halikuwa na msamaha wowote. Kijana akachota kata ya pili, kwa sababu si nilisema nyingi?

Bibi aliposimama kutoka, nikasimama. Sikuwa na mpango. Nilichojua ni kwamba anakwenda mahali ambapo si pale.

Alikuwa anakwenda ziwani. Ziwa lote limeganda, watu wanatembea juu yake kama uwanja wa Mkwakwani, isipokuwa tundu moja jeusi mwisho wa gati, lenye ngazi. Bibi akashuka ngazi kama anaingia sebuleni kwake, akaogelea duara taratibu, akatoka, akanipa tabasamu. Watu wamesimama wananitazama, mvuke unawatoka mabegani. Mtoto wa Raskazone angerudi nyuma?

Nilishuka na kanga kiunoni. Sikukumbuka kuivua, na hata ningekumbuka vidole vingekataa. Maji yaliponifika kifuani, kifua kilijifunga. Nilijaribu kuvuta pumzi nikakuta pumzi imehama. Kisha ikarudi yote kwa pamoja, nikapiga "MAMAAA!" ambayo naamini ilivuka ziwa lile. Mama alikuwa Tanga, ingawa doti yake ilikuwa imenizunguka miguuni kama pweza.

Nilipandaje ngazi, sijui. Ninachokumbuka ni kwamba nilifungua kanga, nikaitupa juu ya chuma cha pembeni mwa gati ichuruzike maji, nikakimbilia tena kwenye lile joto nililokuwa nimelilaani, nikalikumbatia. Safari hii nilikaa benchi la chini, karibu na watoto.

Nilikaa kama robo saa. Niliporudi kuichukua kanga, ilikuwa imekufa.

Ilikuwa imeganda vilevile ilivyoning'inia: upande huu wima, upande huu wima, mgongo katikati. Umeiona ile kofia ya bati mafundi wanayoweka juu kabisa ya paa? Ndiyo hiyo. Nikaigonga, ikajibu "ko, ko". Nikajaribu kuikunja, ikatoa mlio ambao sikutaka kueleza nyumbani. Na katikati ya barafu, herufi kubwa nyeusi, zimenyooka kuliko zilivyochapwa: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Bibi alipita na taulo lake kavu, akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa kama fundi aliyeridhika na kazi.

Ningeipeleka ndani iyeyuke, lakini saa ilikuwa imefika, na basi la kule halina konda wa kupiga bodi na kusema "mwachie mjomba apande". Likifika dakika yake linaondoka. Nikavaa kila nilichokuwa nacho, nikalibeba paa langu kwapani, nikakimbia kwenye theluji.

Mlango ukafunguka. Dereva akanitazama, akatazama paa.

"Moro."

"Tanga," nikamwambia, nikapita.

Nililisimamisha pale katikati wanapowekwa vigari vya watoto. Palikuwa na kigari kimoja. Mtoto ndani yake alikuwa mtu pekee kwenye basi lile aliyenikodolea macho waziwazi. Wengine wote walitazama dirishani. Nikashika kanga kwa mkono mmoja, bomba kwa mwingine, nikafanya uso wa mtu anayesafirisha vifaa vya ujenzi.

Kilichoniponza ni hita. Mabasi yao yana joto, bwana. Kituo cha kwanza, tone. Kituo cha pili, mchirizi. Kituo cha tatu maji yalikuwa yanateremka chini ya viti kila basi likipanda kilima na kurudi likishuka, watu wananyanyua miguu kwa zamu bila kusema neno. Suruali yangu ilikuwa imelowa mbele, mahali ambapo maelezo hayasaidii.

Halafu kanga ikaanza kuinama. Haikuanguka, ingeanguka lingekuwa jambo dogo. Ilianza kulegea kutokea juu, polepole, kama mtu anayesinzia kwenye mkeka wa msiba, ikielekea kwenye kiti cha mbele alikokaa mzee mmoja mwenye miwani. Nikaivuta, upande wa chini bado ulikuwa barafu, ukanigomea. Ikamfika begani. Ikapanda sikio. Ikamfunika kichwa chote mpaka kidevuni, barabara, kama bibi harusi.

Mzee hakugeuka. Hakuinua mkono. Alikaa wima chini ya kanga ya mama yangu kituo kizima, na basi zima likakaa naye. Mimi nilikuwa nasema "samahani, sorry, samahani" mfululizo. Kisha kutoka ndani ya kanga ikatoka sauti tulivu:

"No niin."

Mdogo wangu ameniambia kwamba neno hilo linaweza kumaanisha haya basi, tuanze, tumalize, au nilijua tu. Mzee akaiondoa kichwani, akaisoma jina lake kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku midomo ikicheza, akaikamua kidogo pembeni, akaikunja mara nne, pembe kwa pembe, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akashuka kituo kilichofuata. Sijui kama kilikuwa chake.

Keskustori nikamkuta mdogo wangu ananisubiri, simu mkononi, mama tayari yuko hewani. "Kanga yangu umempa?" sauti inatoka Tanga kabla sijasalimu. Nikamkabidhi, mkononi, kama nilivyoagizwa. Mdogo wangu akaitazama kanga, akaitazama suruali yangu, akaamua kuniuliza baadaye. Akajifunga juu ya koti lake la baridi amfurahishe mama. Ikamshukia mabegani kama mlenda.

Mama akasogeza uso kwenye kioo mpaka tukawa tunaona jicho moja.

"Mbona imelegea hivyo? Mimi nilikupa kanga ina dondo lake, inasimama yenyewe!"

"Mama," nikasema, "wallahi, nusu saa iliyopita ilikuwa imesimama yenyewe."