Kutembea tunatembea, mbona roho bado nzito?

Shauri la kwanza analopewa mwenye sonona, ule ugonjwa wa kushuka moyo, ni kutembea. Ukilitoa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, watu watakucheka. Mji wenyewe milima mitupu! Mama anayepanda toka soko la Beach Muhanzi na gunia la makaa mgongoni, kamba imembana kipaji cha uso, jasho linamwingia machoni na mikono haina nafasi ya kulifuta, amekwisha kutembea kuliko daktari wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi kwa wiki. Yeye huzimaliza kabla ya Jumatano, na usiku bado halali kwa mawazo.

Mimi naona kinachosaidia si miguu peke yake. Mwendo uliouchagua mwenyewe haufanani na mwendo wa kutafuta chakula, na watafiti nao wanaona hivyo: mazoezi ya hiari huendana na afya ya akili kuliko kazi nzito. Tena sonona hula ile hamu yenyewe ya kuchagua. Mwanasaikolojia Mmarekani Peter Lewinsohn alilieleza hilo tangu miaka ya 1970: mtu akishuka moyo huacha yaliyokuwa yakimfurahisha, na kuyaacha kunamzamisha zaidi. Kwa hiyo asingoje hamu. Aanze kidogo, hamu itamkuta njiani.

Aanzeje sasa, na kitanda kimemshika? Hapo ndipo ndugu zangu tunapokosea kwa kumwambia "jikaze". Mwambie "vaa viatu, niko mlangoni." Tazama vikundi vya futingi alfajiri, vile vinavyokimbia pamoja vikiimba barabarani na kuamsha mtaa mzima (wengine tungependa kulala, lakini basi). Nyuma kabisa hakosi mmoja mwenye kandambili, hakimbii, anatembea tu, wala haimbi. Hakuna anayemfukuza. Wakifika juu wanamngoja. Kwangu huyo ndiye anayepata faida kubwa kuliko wote: kuna saa inayojulikana, na kuna watu watakaouliza yuko wapi asipotokea.

Chakula sina mengi: samaki wadogo wa sambaza na mboga ya lengalenga vinatosha, achana na vyakula vya ajabu vya kwenye simu. Kasiksi ya jioni, ile pombe ya ndizi, inaleta usingizi haraka, halafu inakuamsha usiku wa manane na mawazo yale yale.

Wala sisemi futingi inaondoa vita au deni la kodi ya nyumba. Si kila huzuni ni ugonjwa. Ila ikipita wiki mbili mtu hali vizuri, halali, hataki kuona watu, apelekwe akapimwe. SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili, ipo hapa hapa mjini. Akipewa vidonge, asiviache ghafla kwa sababu ameanza kukimbia. Wengi wanaogopa kuonekana wakiingia pale, kwa hiyo yule aliyekuwa akimgongea mlango alfajiri aende naye, aketi naye kwenye benchi mpaka aitwe.