Anayekunywa methadoni kila asubuhi, amepona au bado?

Methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini badala ya unga, haitajwi bila mtu kuuliza: "Mmemtoa kwenye unga mkamfunga kwenye dawa ya hospitali, tofauti iko wapi?" Wanaouliza ni wazazi waliochoka kuibiwa na watoto wao, ni viongozi wa dini, na wakati mwingine ni waraibu wa zamani walioacha kavukavu na wana kila sababu ya kujivunia. Si swali la kijinga. Hata mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la zamani la ICD-10, unalipa nguvu. Matatizo ya akili na tabia yanayoletwa na opioidi, yaani jamii ya heroini na mofini, yamepewa alama F11, na aliye kwenye dawa ya badala anaangukia F11.22, yaani mtegemezi ambaye utegemezi wake unasimamiwa na wataalamu. Hayumo kwenye kundi la walioacha.

Wapinzani wana mengine ya kusema. Methadoni ni opioidi kamili, na dozi yake ikipandishwa haraka katika wiki za mwanzo huweza kuua. Inakawia mwilini, ndiyo maana kikombe kimoja kwa siku kinatosha, lakini pia ndiyo maana anayeikata ghafla hupata arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, ya wiki kadhaa, wakati makali ya arosto ya heroini hupungua ndani ya wiki moja hivi. Buprenofini, dawa nyingine ya badala, nayo huvuja mitaani. Ufaransa iliporuhusu madaktari wa kawaida kuiandika katikati ya miaka ya 1990, wapo waliovisaga vidonge na kujidunga.

Hoja yao kali kuliko zote imetoka kwa Lee Robins, mtafiti wa Marekani aliyewafuatilia wanajeshi waliorudi nyumbani kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amepata uraibu kule vitani. Mwaka wa kwanza baada ya kurudi, waliokuwa wameangukia tena kwenye uraibu walikuwa kama asilimia 5 tu ya hao, na wengi waliacha bila tiba yoyote ya maana. Kwa hiyo inawezekana. Ila wanajeshi wale walipanda ndege wakaiacha vita, maafisa wao na wauzaji wao ng'ambo ya bahari. Mraibu wa kawaida akimaliza siku zake kwenye nyumba ya upataji nafuu (sober house) anarudi kijiwe kilekile, na simu yake ina namba zilezile.

Kuhusu huyu wa kawaida kuna utafiti ambao natamani usomwe na kila familia inayojadili jambo hili. Ulifanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Lancet. Waraibu 40 wa heroini waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa buprenofini kila siku kwa mwaka mzima. Nusu ya pili waliipata kwa siku sita tu, ikapunguzwa hadi kwisha, kisha wakaendelea na vidonge visivyo na dawa ndani. Mengine yote yalikuwa sawa: vikao vya kikundi, mshauri wa kila wiki, kupimwa mkojo. Mwaka ulipokwisha, asilimia 75 ya kundi la kwanza walikuwa bado kwenye tiba. Wa kundi la pili hakubaki hata mmoja, na wanne kati ya 20 walikuwa wamekufa.

Ni utafiti mdogo, nakubali, na watu 20 si taifa. Lakini wale wanne hawakutelekezwa. Walipata ushauri, tena wa wataalamu, pengine bora kuliko unaopatikana katika vituo vingi vinavyoahidi kumtoa mtu "msafi" kwa mwezi mmoja. Kilichokosekana ni dawa peke yake. Kwa nini kukosa dawa kuue?

Jibu liko kwenye pumzi. Opioidi hupunguza kasi ya sehemu ya ubongo inayoendesha kupumua, na mtumiaji wa kila siku huzoea kiasi ambacho kingemuua mgeni. Mazoea hayo hufutika upesi, siku chache au wiki chache za kutotumia zinatosha. Hamu haifutiki kwa mwendo huo. Siku inapomshinda, hurudi kwenye kipimo chake cha zamani akiwa na mwili wa mtu asiyewahi kugusa, na unga ukiwa umechanganywa na fentanili, opioidi kali kuliko heroini, hakuna nafasi ya kukosea.

Ndiyo maana hesabu za vifo zimekaa kinyume na tunavyotarajia. London, mtafiti John Strang na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa ili kuondolewa sumu mwilini. Waliokufa kwa kuzidisha dozi walikuwa watatu, wote ndani ya miezi minne, na wote walitoka miongoni mwa 37 waliomaliza programu vizuri, wale ambao familia zao bila shaka zilishangilia. Katika jimbo la Washington, Marekani, wafungwa waliotoka jela walikuwa na hatari ya kufa kwa dozi mara 129 kuliko wakazi wengine katika wiki mbili za kwanza za uhuru. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2017, za watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni, zilionyesha vifo kama 11 kwa mwaka kwa kila watu 1,000 walipokuwa kwenye dawa, na kama 36 walipokuwa nje yake. Na Ufaransa hiyohiyo ya vidonge vilivyosagwa iliona vifo vya heroini vikishuka kwa karibu asilimia 80 kufikia mwaka 1999.

Kwa hiyo kumtoa mtu sumu na kumrudisha nyumbani, njia inayoonekana salama na yenye heshima, ndiyo yenye hatari zaidi. Sioni namna ya kulikwepa hilo.

Wanaotetea methadoni hupenda kuifananisha na dawa ya kisukari. Mfano huo haunikai, kwa sababu sijasikia mwenye kisukari akiuza dawa zake kwa siri nyuma ya kituo cha mabasi. Afadhali tutazame maisha. Mwenye heroini, saa nane hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, anaanza miayo, macho yanatoka machozi, vinyweleo vinasimama, tumbo linakatika, na akili yote iko kwenye kete ijayo itakapotoka. Mwenye methadoni anasimama dirishani, anakunywa mbele ya muuguzi, anateremshia maji, anaongea kidogo ili ijulikane amemeza, anaondoka. Mpaka kesho hana la kutafuta. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, una vigezo 11 vya uraibu huu, na viwili kati yake, mwili kuzoea dawa na arosto, havihesabiwi kwa anayetumia opioidi chini ya daktari kama alivyoelekezwa. Hubaki vile vya kushindwa kujizuia, kuacha majukumu, kuendelea huku unajiona unaharibika. Kwangu hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Vituo vya methadoni navyo vina aibu yao. Kuna mtu anayekunywa miaka sita bila kuulizwa kama ana sonona, kama analala, kama anachanganya na pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza), mchanganyiko unaokata pumzi. Anayetaka kutoka kwenye dawa asaidiwe kushuka polepole, kwa miezi au zaidi, na akiteleza apokelewe bila hotuba.

Nyumba za upataji nafuu sizipigi vita. Nazidai mambo mawili kabla ya kumfungulia mtu geti. Aambiwe wazi kwamba dozi yake ya zamani sasa itamuua, na familia ipewe naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidisha opioidi, ya sindano au ya kupuliza puani, pamoja na maelezo kwamba nguvu yake huisha ndani ya saa moja au moja na nusu, hivyo safari ya hospitali iko palepale hata kama mgonjwa amefumbua macho. Wafundishwe wanaoishi naye, maana aliyezidiwa hawezi kujipa mwenyewe.