Nilivyojifungia nje ya waifai yangu mwenyewe

Tunaishi Mabatini, Mwanza, nyumba moja, wapangaji wanne na mama mwenye nyumba, waifai ni moja ya ruta ya laini, kila mtu anachanga elfu 15 kwa mwezi, na kwa kuwa mimi ndo mwenye kompyuta nikapewa ufundi wa neti bila mshahara.

Juzi niko Sengerema kikazi, grupu la nyumba linawaka, eti neti inasuasua. Nikasema ngoja niwaoneshe. Nikafungua laptopu nikaingia kwenye kompyuta ya nyumbani kwa AnyDesk, ile programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, maana nilikuwa nimeiacha inawaka, nikaandika anwani ya ruta, 192.168.1.1, huyoo ndani. Kucheki, vifaa 14! Na sisi tunajijua tuna 9. Wezi hao. Nikatoa daftari nilikoandika anwani ya MAC ya kila kifaa, zile herufi na namba 12 ambazo ruta inakitambulia kifaa, nikaziingiza moja moja kwa hasira, nikachagua ruhusu hizi tu, nikasevu.

Skrini ikaganda palepale.

Kumbe kwenye daftari 8 yangu na B yangu ni mapacha. Ruta ikaanza kuifukuza kompyuta ileile iliyokuwa inaipa amri, yaani mimi, ikafuata na nusu ya nyumba.

Simu ya kwanza, mama mwenye nyumba, tamthilia imekatika mke ndo anataka kumfumania mume.

"Shikamoo mama, naomba ugeuze hiyo ruta, nyuma kuna kitundu, ingiza pini ubonyeze kama sekunde 10 hivi."

Kimya. Nasikia sufuria tu.

"Pini sina mwanangu, ila nimebonyeza, taa zimezima zimewaka."

"Umebonyezea nini mama?"

"Mwiba wa sato."

Sasa ukiriseti ruta inasahau kila kitu, nywila inarudi ile ya kwenye stika chini yake. Jioni nikarudi, na siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 unateleza tu, hata kisingizio cha foleni ya kivuko sina. Nakuta nyumba ina furaha, watoto walishaipiga picha ile stika, imesambaa mtaa mzima. Vifaa 31. Ncha ya mwiba bado iko kwenye kitundu nimeshindwa kuitoa, na tangu siku hiyo paka wa jirani analala juu ya ruta, ukimfukuza anarudi.