Chupa ya Kujaza Tena Inataka Maji ya Kujazia

Sisi wazazi wa Nakuru tunaambiwa kila mara tuache maji ya chupa za plastiki, tuwanunulie watoto chupa za kudumu za kubeba maji kutoka nyumbani. Nakubaliana na wito huo kwa moyo wangu wote, na kwetu tunaufuata. Lakini wengi wanaoutoa wanakaa mbali na hapa, na hawafiki kwenye swali ambalo mama wa Kaptembwo, Lanet au Kiamunyi ataliuliza kabla ya mengine yote: nijaze maji gani?

Swali hilo lina uzito wake. Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, juu ya miamba ya volkano, na maji ya chini ya ardhi yanapopenya miamba hiyo hubeba floraidi. Ikiwa kidogo, floraidi huyapa meno nguvu. Ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande wetu huo ukomo vimeupita. Matokeo tunakutana nayo sokoni, kanisani na darasani: meno yenye madoa ya kahawia, na kwa wengine yamelika juu kabisa. Wapo wasichana ninaowajua ambao hawacheki bila kufunika mdomo kwa kiganja. Madhara haya huingia utotoni, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, kabla mtoto hajatimiza miaka 8 hivi. Jino likishaota na doa, mswaki hauliondoi. Na mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia.

Kwa hiyo mzazi anayemnunulia mtoto chupa ya nusu lita stejini asubuhi, mimi siwezi kumwita mvivu wala mharibifu. Anachunga meno ya mwanawe kwa njia anayoijua. Ukitaka aache, mwonyeshe njia nyingine iliyo salama vilevile.

Hapa ndipo elimu inapokosekana, na jambo hili linaniuma. Familia nyingi huchemsha maji zikidhani zimemaliza kazi. Kuchemsha ni desturi njema, kwa kuwa huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Ila floraidi haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki palepale, kwa hiyo ukichemsha muda mrefu kila kikombe kinachobaki kina floraidi nyingi zaidi. Dawa ya klorini haiigusi. Kichujio cha kawaida cha udongo nacho huzuia uchafu na viini tu. Vinavyoweza kazi hii ni mashine zinazosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba mno, kama zile za maduka ya kujazia maji, na vichujio vya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto kali hadi iwe chembe nyeusi, na chembe hizo huinasa floraidi maji yanapopita. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa kwa miaka mingi kutengeneza vichujio vya namna hii kwa ajili ya jamii na shule, na ingefaa kila mzazi wa kaunti hii aijue. Chembe hizo hushiba baada ya muda, kwa hiyo kichujio kisichobadilishiwa mkaa hakikusaidii kitu.

Na kuna mvua. Maji ya paa hayajapita kwenye mwamba, basi floraidi yake ni kidogo sana. Mwenye bati safi na tangi ana maji ya kunywa ya familia nzima, mradi aiache mvua ya kwanza ioshe paa na kumwagika, afunike tangi vizuri, kisha ayachemshe au kuyatia dawa kabla ya kunywa. Kwetu maji ya tangi ni ya kunywa na kupikia tu. Kufua na kuosha vyombo ni ya mfereji. Nasisitiza kupikia kwa sababu watu hulisahau. Githeri inayochemka nusu ya siku hufyonza maji mengi, na chai na uji ni maji matupu. Mtoto anayekunywa maji salama kwenye chupa yake shuleni, kisha akarudi nyumbani kula githeri iliyopikwa kwa maji ya kisima chenye floraidi nyingi, hajaokoka.

Miezi ya kiangazi, tangi likikauka, tunanunua maji ya mtungi wa lita 20 kwenye duka la kujazia. Kabla sijalichagua nilipita maduka kadhaa nikiomba kuona karatasi ya maabara inayotaja kiwango cha floraidi. Mwenye duka mmoja alinijibu kwa hasira, akaniuliza kama mimi ni mkaguzi wa kaunti. Mwingine alininyooshea kidole ukutani: karatasi imebandikwa, tarehe ni ya karibuni, na namba iko chini ya kikomo. Nilikwenda kwa huyo wa pili na sijahama. Wewe pia una haki ya kuuliza. Maji yale yataingia mwilini mwa mtoto wako kila siku ya mwaka.

Sasa tuje kwenye pesa, maana kuna wanaodhani utunzaji wa mazingira ni anasa ya matajiri wa Milimani. Mtaani kwetu mtungi wa lita 20 hujazwa kwa shilingi 100 hivi, yaani shilingi 5 kwa lita. Chupa ya nusu lita stejini ni shilingi 30, wakati mwingine 50, yaani shilingi 60 hadi 100 kwa lita. Nyumba yenye watoto watatu ikinunua chupa moja kwa kila mtoto siku za shule, hiyo ni shilingi 450 kwa wiki kwa bei ya chini kabisa. Maji yaleyale kutoka kwenye mtungi hayafiki shilingi 40. Chupa imara ya chuma inajilipia ndani ya muhula mmoja, na baada ya hapo ni pesa za daftari na kalamu.

Na takataka je? Nakuru ina sababu ya kuiogopa plastiki kuliko miji mingi. Jiji letu liko kati ya mlima na ziwa. Jaa la Gioto liko upande wa juu, kwenye miteremko ya Menengai karibu na mtaa wa London, na mvua kubwa ikinyesha mitaro yote huelekea bondeni, huko liliko Ziwa Nakuru. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Linapokea Mto Njoro, Makalia na Nderit, linapokea maji machafu ya jiji, na maji yake hupungua kwa kukauka juani tu. Plastiki inayoingia humo haina pa kwenda. Hukaa ikipasuka vipande vidogo na vidogo zaidi, mle ambamo heroe huchota chakula chao kwa kuchuja maji.

Tangu tarehe 5 Juni 2020, serikali ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi zote za wanyama, fuo na misitu ya taifa, chupa za maji zikiwemo. Mtalii anayeingia Hifadhi ya Ziwa Nakuru hatakiwi kuwa na chupa ya aina hiyo mkononi. Nilifurahi sana sheria ile ilipokuja, na bado naiunga mkono. Lakini ukitoka langoni, mwendo mfupi tu, uko jijini ambako chupa hizohizo zinauzwa kwenye kila dirisha la matatu na kutupwa kwenye mitaro inayoteremka mpaka ziwa lilelile. Marufuku inaishia kwenye ua wa hifadhi; maji ya mvua hayaoni ua. Kama tumekubaliana kwamba chupa hiyo ni hatari kwa ziwa, basi kazi ya kweli iko upande huu wetu, kwenye steji, shule, makanisa na viwanja vya mpira.

Mtu ataniambia: zinaokotwa, zinauzwa kwa kilo, zinatengenezwa upya. Ni kweli, na nawaheshimu mno akina mama na vijana wanaofanya kazi hiyo pale Gioto kwa mikono mitupu, kwa kuwa wanalisaidia jiji hili kuliko wengi wenye ofisi. Chupa angavu za maji zina soko, kuliko mifuko laini na vifungashio vya peremende. Ila si zote zinazowafikia. Nyingi huchomwa na takataka nyingine nyuma ya ploti, moshi mweusi ukaingia madirishani mwa majirani, au huzama mtaroni hadi mvua zianze. Tukumbuke pia yaliyomo ndani yake. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichunguza maji ya chupa yanayouzwa huko wakakuta wastani wa vipande 240,000 vya plastiki katika lita moja, karibu vyote vidogo mno kuonekana kwa macho. Sayansi haijamaliza kueleza vinatufanya nini mwilini. Mimi kama mzazi sioni haja ya kungoja jibu ndipo nipunguze.

Kuhusu chupa yenyewe, ushauri wangu ni mfupi. Nunua ya chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu; kama hauruhusu, plastiki nene iliyotengenezewa matumizi ya muda mrefu inatosha. Chagua yenye mdomo mpana ili mkono au brashi iingie. Zile zenye mrija wa kunyonya zinapendwa na watoto, lakini ndani ya mrija na chini ya mpira wa kifuniko huota ukungu mweusi usiouona mpaka uufungue. Osha kila jioni kwa sabuni na maji moto, kisha iache wazi ikauke usiku kucha. Andika jina la mtoto kwa rangi ya kucha, haitoki upesi. Usitie maji moto wala uji wa moto kwenye plastiki ya bei rahisi. Na ile chupa nyembamba ya dukani usiirudie muhula mzima ukidhani umeokoa mazingira. Shingo yake haipitishi brashi, hukwaruzika haraka, na viini hujificha humo.

Jambo moja zaidi linalonikera ni mtindo wa kununua chupa mpya ya kudumu kila inapotoka rangi mpya. Kutengeneza chupa moja ya chuma hula nishati na malighafi nyingi kuliko chupa moja nyepesi ya plastiki. Faida yake inakuja ikitumika mara nyingi, mwaka hadi mwaka, mdogo akirithi ya mkubwa. Kabati lenye chupa kumi zinazopokezana kukaa bure halilindi kitu. Yetu ya kwanza ina mibonyeo kila upande na inaendelea kwenda shule.

Watoto wenyewe si kikwazo. Wakieleweshwa sababu hushika kuliko sisi. Binti yangu ndiye anayenikumbusha tukisafiri kwenda Kisumu kwa shangazi yake: "Mama, umejaza za safari?" Kikwazo ni kwamba chupa ikiisha saa tano asubuhi, mtoto yuko shuleni, na mfereji wa pale uwanjani hakuna anayejua maji yake yametoka wapi. Nakuru hupata maji ya visima, kama vile vya Kabatini na Baharini, na pia ya mito, na ubora wake hutofautiana. Mwalimu mwenye busara humwambia asinywe. Basi mtoto hushinda na kiu, au huenda kantini kununua chupa.

Ninachoomba ni kitu kinachowezekana, na nitakipeleka kwenye mkutano wa wazazi muhula huu. Kila shule ipime maji yake na kubandika matokeo mahali wazazi wanaweza kuyasoma. Shule yenye mapaa makubwa ya madarasa iweke matangi ya mvua kwa ajili ya kunywa pekee, na ile isiyo na uwezo huo iwe na kichujio cha mkaa wa mifupa, na mtu aliyepewa jukumu la kubadilisha mkaa kwa wakati. Kaunti nayo iweke mifereji ya kujazia kwenye steji kuu na masoko, kwa bei ya duka la mtaani, huku kiwango cha floraidi kikiwa kimeandikwa hapo juu yake kwa herufi kubwa. Mwenye kioski anayepoteza biashara ya chupa ndiye apewe kazi ya kuusimamia mfereji huo, ale kwa jasho lake.

Wazazi wenzangu ambao shule zenu tayari zina kichujio cha aina hiyo, niandikieni mlianzaje, mligharamika kiasi gani, na nani anaubadilisha mkaa.