Njumu au Kubandika? Meza Moja Iliyozua Mjadala Lamu

Mabishano yalianzia barazani, hatua chache kutoka Usita wa Mui, juu ya meza ndogo ya kahawa. Fundi kijana alikuwa ameipamba kwa vinia, yaani karatasi nyembamba za mbao: jahazi lenye tanga jeupe juu ya bahari ya mbao nyekundu, vipande vyote vimekatwa kwa mashine ya leza na kugandishwa kwenye plaiwudi. Mzee aliyezeeka akitengeneza viti vya enzi akapitisha kidole gumba juu ya tanga, akasema, "Nzuri, mwanangu. Lakini hii si njumu. Umebandika."

Kijana akajibu kwa adabu kwamba mteja haulizi kama kitu kimezamishwa au kimebandikwa. Anauliza bei.

Kwa jina, mzee yuko sahihi. Njumu huanza na shimo. Unachora umbo kwenye ubao mzima, unalichimba kwa patasi kina cha milimita chache, kisha unakishindilia kipande mpaka kilingane na uso wa mti. Ukitazama kiti cha enzi cha mpingo kwa karibu, utaona vipande vya pembe za ndovu au mfupa ni vidogo vidogo. Naona hapo pana akili, si urembo tu. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kila masika na kaskazi zinapopokezana, ilhali mfupa haubadiliki kiasi hicho. Kipande kirefu kilicholala kukata nyuzi za mti kingepasuka au kuruka.

Ila hoja ya "asili", kwamba kazi ya kweli ni ile inayofanywa kama zamani, siipi uzito. Mwaka 1989 Kenya iliteketeza tani 12 za pembe za ndovu, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Mafundi wana mfupa wa ng'ombe na wa ngamia, unaochemshwa kutoa mafuta usije ukageuka manjano. Hakuna aliyesema njumu imekufa kwa kukosa ndovu. Basi malighafi ikiweza kubadilika, kwa nini mashine iwe haramu?

Na kubandika si uvivu. André-Charles Boulle, fundi wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alijenga jina kwa kubandika shaba na gamba la ng'amba, aina ya kasa, akivikata pamoja vikiwa vimebebana ili kimoja kijae tundu la mwenzake. (Ng'amba naye leo analindwa kama ndovu, kwa hiyo hilo tusiliige.) Zaidi ya hayo, mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Ubao wa mvule wa inchi moja ukichanwa vinia za milimita 0.6 hutoa zaidi ya karatasi thelathini. Kwa kijana asiye na mtaji, hiyo ndiyo tofauti ya kufungua karakana na kukaa barazani. Hata plaiwudi aliichagua vyema: tabaka zake zimepishana nyuzi, hivyo haichezi sana na unyevu.

Linalonielemeza upande wa mzee ni ukarabati. Kipande cha njumu kikivunjika, fundi yeyote mwenye patasi anaking'oa, anasafisha shimo, anatia kingine. Uso ukichakaa unausugua, na mfupa bado upo chini. Vinia ya milimita 0.6 ukiipiga msasa mara mbili tatu umefika kwenye gundi, na hapo hakuna wa kuirudisha. Kiti kinachorithiwa na wajukuu hakiwezi kujengwa hivyo. Sinia, kisanduku cha vito, meza ya mgeni wa hoteli, sioni ubaya, mradi mnunuzi asiuziwe kwa jina la njumu. Wapo wauzaji wanaofanya hivyo, hata kwa plastiki nyeupe wanayoiita mfupa.

Meza yenyewe ingali dukani. Baada ya masika, ncha ya tanga iliinuka kiasi cha kupitisha ukucha. Mzee aliitazama, akasema kosa si la vinia. Gundi nyeupe ya kawaida hailali vizuri na unyevu wa Lamu, na kingo hazikupakwa vanishi. Kisha akauliza ile mashine ya leza inatoza shilingi ngapi kwa vipande mia vyenye umbo la almasi.