Dagaa wa Kigoma si dagaa mchele

Mgonjwa wa kisukari hapa Dar es Salaam akiambiwa ale ugali kwa kiasi, ana haki ya kuuliza: kiasi gani, na nani alipima? Jibu hutafutwa kwenye jedwali la virutubishi, orodha inayoonyesha gramu 100 za kila chakula zina maji, protini, mafuta, madini na vitamini kiasi gani. Mgonjwa mwenyewe halioni jedwali hilo, ila ushauri anaopewa, uji anaopangiwa mtoto mwenye utapiamlo na karibu kila utafiti wa lishe nchini huegemea hapo. Kwa hiyo naumia nikiona jambo zito namna hii halizungumzwi.

Jedwali la Tanzania ambalo bado linatajwa sana kwenye tafiti lilitoka mwaka 2008, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini sehemu kubwa ya tarakimu zake zilikopwa nje, zikiwemo za Idara ya Kilimo ya Marekani, kwa sababu kupima chakula ni gharama. Sampuli hununuliwa masoko kadhaa na kuchanganywa. Hukaushwa kwenye tanuri ili maji yajulikane, mafuta hutolewa kwa kiyeyushi, nyingine huchomwa hadi yabaki majivu, ambayo ndiyo madini yake, na nitrojeni hupimwa kisha ikazidishwa kwa 6.25 ili kupata protini. Wanga, mara nyingi, haupimwi kabisa. Huchukuliwa 100, yakatolewa maji, protini, mafuta na majivu, na kinachobaki ndicho huitwa wanga. Kosa lolote la huko juu linaangukia kwenye wanga, na wanga ndio anaouhitaji kuujua yule mgonjwa wa ugali.

Sipingi kukopa. Chumvi ni chumvi, sukari ni sukari, hakuna sababu ya kuvipima upya kila nchi. Ila nenda Kariakoo uulize dagaa. Utaonyeshwa wa Mwanza, wa Kigoma, na dagaa mchele wa baharini. Hawa ni samaki wa aina tofauti kabisa, kutoka Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Bahari ya Hindi. Wanaliwa na mifupa yao, ndiyo maana wana kalisi nyingi. Wengine hukaushwa juu ya chanja, wengine juu ya mchanga, na mchanga ukiingia kwenye sampuli huongeza majivu na madini ya chuma ambayo mwili hauwezi kuyatumia ipasavyo. Hakuna tarakimu ya kukopa Marekani itakayoeleza hayo. Mwambie mama ampikie mtoto dagaa, lakini mpe hesabu ya dagaa anayemnunua yeye.

Kuna jambo jingine: chakula chenyewe kimebadilika. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano wa viwandani uongezwe madini ya chuma na asidi ya foliki, na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Chapati ya leo, ikiwa unga umetoka kwenye kinu kinachofuata kanuni, si chapati ya 2008. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vimeingia sokoni, na vitamini A yake hailinganishwi na ya viazi vitamu vyeupe. Sembe na dona vilikuwepo tangu zamani, lakini ukiandika "ugali" bila kusema ni upi umeficha tofauti kubwa, kwa kuwa kukoboa huondoa pumba na kiini, na humo ndimo zilimo sehemu kubwa ya madini na vitamini za kundi B.

Wenzetu wamelichukulia hili kama kazi isiyokwisha. Marekani ilianza kuchapisha takwimu za mwanakemia wake Atwater karne ya 19, na leo hifadhi yake iko wazi mtandaoni bila malipo. Japan ilitoa jedwali la kwanza mwaka 1950 na imekuwa ikilirudia. India ndiyo inayonivutia zaidi: mwaka 2017 ilitoa jedwali la vyakula 528, vilivyokusanywa kutoka kanda sita za nchi na kupimwa upya na taasisi yao ya lishe ya Hyderabad. Kenya, hapo jirani, ilitoa lake mwaka 2018, likiwa na vyakula vilivyopikwa vya watu wake. Hatuwezi kusema haiwezekani Afrika Mashariki.

Ninachotaka ni bajeti ya kudumu, isiyosubiri mradi wa wafadhili. Tuanze na vyakula vichache vinavyoliwa kila siku: sembe na dona, wali wa nazi, maharage, mchicha, matembele, kisamvu, dagaa wa aina zote tatu, na mihogo ya kukaanga ya mtaani, ambayo mafuta yake hayawezi kukisiwa ukiwa ofisini. Sampuli zichukuliwe kwa mama lishe wa Buguruni na Tandika vilevile kama sokoni, masika na kiangazi, vikiwa vimepikwa. Kila tarakimu iandikwe imepimwa wapi au imekopwa wapi. Na jedwali lote liwekwe mtandaoni bure, kwa Kiswahili, ili muuguzi wa zahanati ya Mbagala alifungue kwenye simu yake mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yake.